Safari ya Dakika Nne Nne

Panga moja la feni ya injini lilikatika saa tisa alasiri, katikati ya uwanda wa chumvi, likazama kwenye rejeta kama kisu kwenye papai bivu. Mlio ulikuwa mmoja tu, ka! Kisha mvuke ukafunika kioo chote cha mbele na mzee akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Umeumia?" aliuliza.

"Hapana," binti yake alijibu, mikono imemkumbatia mtoto aliyekuwa kwenye mbeleko kifuani. "Gari je?"

"Limeumia."

Mafundi wenzake walimwita mzee huyo Kabureta, kwa sababu kifaa hicho alikuwa akikifungua na kukifunga huku amefumba macho, anapiga soga. Binti yake alimbandika jina la Spana tangu ana miaka mitano, akimpokeza vifaa chini ya magari. Na mjukuu wa miezi mitano, kwa kuwa alizaliwa mdogo, wa mviringo na mgumu kufunguka viganja, naye akawa Nati. Walikuwa wanampeleka Nati kwa baba yake, fundi umeme wa kiwanda cha chumvi ng'ambo ya uwanda, ambaye hajawahi kumshika mwanawe. Barabara ya lami inauzunguka uwanda kwa siku mbili. Kabureta alisema lami ni ya watu wasio na magari. Wangekatiza, wamshtukize mkwe kwa furaha. Kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyejua kwamba wako huku, na simu ya Spana ilikuwa imepoteza mtandao tangu asubuhi.

Gari lenyewe lilikuwa la porini, la kijani, lenye taa za mviringo, umri wake miaka arobaini na moja. Zamani nyuma yake palikuwa na vishikio viwili vya madumu ya maji, vilivyochomelewa na mwenye gari wa kwanza. Mwezi uliopita Kabureta alivikata, akapiga msasa, akapaka rangi hata usingejua. Gari la mwaka ule lilipotoka kiwandani halikuwa navyo, na yeye alikuwa mtu wa kulirudisha gari lilivyozaliwa. Ndiyo maana maji yao yote yalikuwa dumu moja la lita ishirini, limebanwa miguuni pa Spana.

Kabureta alingoja rejeta ipoe. Akabana mirija iliyokatika kwa plaizi, akasugua kipande cha sabuni kwenye nyufa mpaka zikaziba, akamimina lita nane. Walikwenda kilometa kumi na mbili. Sabuni ikayeyuka. Akabana tena, akasugua tena, akamimina lita saba bila kumwuliza mtu. Walikwenda kilometa sita. Aliponyoosha mkono mara ya tatu, jua limeshuka na uwanda umekuwa mwekundu, alimkuta Spana amelikalia dumu.

"Inuka, Spana."

"Siinuki."

"Gari bila maji haliendi, mwanangu."

"Na mimi bila maji sina maziwa, baba. Huyu hana kingine cha kula wala kunywa."

"Lita tatu tu. Safari hii nimeziba vizuri."

"Ulisema hivyo mara mbili."

"Hili gari mimi nalijua. Ya kale ni dhahabu, halijawahi kuniangusha."

"Dhahabu hainyweki."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kumjibu baba yake hivyo, na sauti ilimpanda mpaka mtoto akaamka. Chini ya gari maji yalikuwa yakidondoka taratibu kwenye chumvi. Yalikuwa ya kijani. Kabureta alikuwa ametia dawa ya kuzuia kutu, sumu tupu. Wote wawili waliyatazama yakinywewa na ardhi.

Walilala ndani ya gari. Alfajiri Spana alipapasa nepi aliyomfunga Nati jana jioni. Ilikuwa kavu kama karatasi.

Akaivua, akaigeuza, akaipapasa tena, labda vidole ndivyo vilivyokuwa vimekufa ganzi. Kavu. Akamweka mtoto titini. Nati alinyonya mara nne, tano, akaliachia, akalia kilio kidogo kisicho na machozi. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Titi la kushoto lilining'inia kama mfuko uliomwagwa unga.

"Baba," alisema. "Hajakojoa tangu jana."

Kabureta alikuwa amesimama juu ya boneti, kiganja juu ya macho. Mbali, mahali mbingu na chumvi vinapogusana, kulikuwa na kitu chembamba kama sindano. Mnara wa kiwanda.

"Kilometa kumi na nane," alisema. "Labda kumi na tisa."

"Kwa miguu?"

"Na mtoto? Ikifika saa nne chumvi hii inaakisi jua kama kioo. Hatufiki nusu."

Spana alilitazama gari, akautazama mnara. Alikuwa amekulia gereji. Alijua anachotaka kusema, na alijua kitamuuma nani.

"Basi tuliendeshe kavu."

Mzee aliteremka kutoka juu ya boneti kama aliyepigwa kofi. Huyu ndiye mtu aliyemnunia jirani miaka miwili kwa kuendesha injini bila kuangalia oili. Kwake, kuchemsha injini ya zamani kwa makusudi kulikuwa sawa na kumpiga bibi kizee.

"Unajua unasema nini? Hiyo ni kuiua."

"Najua. Itachukua muda gani kufa?"

Mzee akatoa bisibisi ndefu mfukoni, ile ya kusikilizia injini, akaigeuzageuza.

"Nikiisikiliza vizuri itatupa dakika nne. Ipoe dakika arobaini, itupe nne nyingine. Ya tano chuma kinaanza kuvimba."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Sijawahi kuitesa."

Walilipunguza uzito. Boneti lilitoka kwanza ili joto lipate pa kwendea, kisha milango, tairi la akiba, kiti cha nyuma, sanduku la vifaa. Kabureta alilaza kila kitu juu ya chumvi kwa mpangilio, mlango wa kulia kulia, wa kushoto kushoto, na skrubu zake akazifunga kwenye kitambaa.

"Baba, hatupangi duka. Tupa."

Akalitupa lile fundo la skrubu, macho akiyaelekeza kwingine.

Spana akashika usukani, mtoto kifuani. Kabureta akakaa juu ya bawa la mbele, lile bati linalofunika gurudumu, miguu ndani ya uvungu wa injini, ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Spana akawasha. Gari likaguruma, wakaenda, chumvi ikipasuka chini ya matairi kama chapati kavu, upepo ukiwapiga kutoka pande zisizo na milango. Alimtazama baba yake tu. Mkono wa mzee ulipopanda, alizima, wakaserereka mpaka gari likasimama lenyewe.

Kilometa mbili. Mnara haukuwa umenenepa hata kidogo.

Walijilaza kwenye kivuli cha gari. Spana alipima maji kwa kifuniko cha chupa ya chai: vifuniko viwili kwake, kimoja kwa baba yake. Jua lilipanda. Ili wasilale, maana mtu akilala mahali pale huenda asiamke, Kabureta alisimulia magari.

"La kwanza lilikuwa la kijivu, milango miwili, halina kiti cha nyuma. Siku nilipokwenda kumposa mama yako nilimkalisha shangazi yangu juu ya kreti la soda. Kila kona anapaa. Alipofika akasahau maneno yote ya posa, akaomba maji."

"Usitaje maji."

"Haya. Akaomba msamaha."

Spana akacheka, midomo ikampasuka, akalamba damu.

Dakika nne. Kilometa mbili. Arobaini za kungoja.

"La bluu unalikumbuka?"

"Lile la mlango wa kamba?"

"Usilidharau. Ulizaliwa mle. Magari ya siku hizi yana adabu ya mhudumu wa benki: yanakuwashia taa nyekundu, yanatabasamu, yananyamaza. La zamani linagombeza. Linapiga kelele, linanuka, linatetemeka, lakini kabla halijafa linakwambia."

"Na hili lilikwambia?"

Mzee alichimba chumvi kwa kidole.

"Liliniambia wiki nzima. Feni ilikuwa inaimba. Mimi nilikuwa naitazama rangi." "Na vile vishikio nilivikata kwa mikono yangu. Madumu mawili, Spana. Lita arobaini."

"Najua. Mimi ndiye niliyekushikia taa."

Dakika nne. Kilometa mbili. Safari ya tano Nati aliacha kulia, na kimya hicho kilimtisha Spana kuliko kilio chote. Alimwita kwa jina, akampuliza usoni, akamfinya unyayo. Mtoto alifungua macho nusu, akayafunga. Viganja vyake, vile vigumu kufunguka, vilikuwa vimelegea na kuachama.

"Twende, baba."

"Haijapoa. Bado dakika kumi na tano."

"Twende!"

Wakaenda na injini ya moto. Kabureta alishika bawa kwa mkono mmoja na rangi ilikuwa inatoa malengelenge chini ya kiganja chake. Hakuuondoa. Mkono wenye bisibisi ulitulia sikioni kama wa daktari. Harufu ya chuma kilichoungua iliwajaa puani. Dakika ya nne ikapita, Spana akamtazama. Mkono haukupanda. Ya tano. Ya sita. Mzee alikuwa akilia waziwazi, machozi yanakauka kabla hayajafika kidevuni, na mkono ukabaki chini. Ya saba, ya nane, injini ikipiga kama mtu anayegonga mlango kwa nyundo. Halafu ikatoa mlio mmoja mrefu, magurudumu ya nyuma yakakwama, gari likazunguka nusu duara, likasimama kimya.

Ilikuwa imenoki. Haitawaka tena.

Mnara sasa ulionekana vizuri, na chini yake vilima vyeupe vya chumvi. Kilometa nne, labda tano. Spana aliliinua dumu amimine vifuniko vyao, akasita. Lilikuwa zito kuliko hesabu yake.

"Hukunywa," alisema. "Ulikuwa unarudisha."

"Mimi sinyonyeshi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipolikalia."

Aliteremka, akashindwa kusimama, akaketi chini akiegemea gurudumu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimechunika. Spana alimtia kifuniko mdomoni kwa nguvu, kama anayemnywesha mtoto dawa, akajaza ile chupa ya chai maji akamwachia, yeye akanywa yote yaliyobaki palepale, maana maji ndani ya mama ni mepesi kubeba kuliko ndani ya dumu. Akamvutia baba yake kwenye kivuli chembamba.

"Usilale."

"Nitahesabu magari yangu."

"Ukiyamaliza?"

"Nitaanza ya watu. Nenda, mama."

Akaenda. Tabaka la chumvi lilikuwa likivunjika kila hatua na kumkata vifundo vya miguu. Hakutazama nyuma mara mbili. Mara moja ilitosha, gari lilikuwa doa la kijani. Alihesabu hatua mia, akamgusa Nati, akahesabu mia. Mahali fulani aliacha kuhesabu, akawa anaimba wimbo usio na maneno. Mahali pengine alijikuta amepiga magoti na hakumbuki kuanguka. Akasimama. Lori jeupe lilipotokea kati ya vilima alidhani ni kilima kimojawapo kinatembea.

"Dada!" dereva alishuka akikimbia. "Umetoka wapi? Huku hakuna njia! Panda unywe."

"Geuza kwanza lori. Baba yangu yuko nyuma."

"Kunywa kwanza, dada."

"Nitakunywa tukienda. Geuza!"

Walimkuta Kabureta amelala ubavu, chupa haijafunguliwa, midomo inachezacheza. Dereva aliinama kusikiliza, akamtazama Spana kwa wasiwasi.

"Anasema milango miwili, rangi ya kijivu."

"Basi yu hai," Spana alisema, na hapo ndipo alipolia.

Chumba cha huduma ya kwanza cha kiwanda kilikuwa na vitanda viwili, meza ya bati na saa ya ukutani isiyokwenda. Nesi alimpa Nati maji ya dawa kwa kijiko, tone kwa tone, na Spana akanywa jagi zima, na jingine. Mumewe alikuwa pampu za mbali. Wamemwita kwa redio, anakuja. Kwa saa mbili Spana alinyonyesha, akapumzika, akanyonyesha. Kabureta, viganja vimefungwa bandeji kama glovu za bondia, alikaa ukingoni mwa kitanda na mjukuu akiwa amelazwa mapajani mwake.

Dereva wa lori alichungulia mlangoni.

"Mzee, tukalivute gari lako kabla ya jioni? Upepo ukianza, chumvi italila lote."

"Lile kule," Kabureta alisema, macho kwa mtoto, "liache lilale. Limefanya kazi."

Nati alikunja uso. Akakaza miguu. Mzee aliganda.

"Spana. Njoo. Njoo uguse hapa, mimi mikono sina."

Spana aliingiza vidole kwenye nepi. Ilikuwa na joto. Ilikuwa imelowa, na ilizidi kulowa, mpaka suruali ya babu ikapata mgawo wake, na Kabureta akacheka kwa sauti iliyokwaruza kama injini inayowaka baridi, huku amekaa wima kabisa asije akaikatisha.

Nesi alifika na nepi safi na ndoo. "Nipeni hiyo nikaitupe."

"Hapana," Spana alisema, akaishika kwa mikono miwili. Nje miguu ilikuwa ikikimbia juu ya kokoto, ya mtu mmoja, ikija upande wao. "Mwacheni baba yake aione kwanza."