Bangili Iliyotoweka Wakati wa Kwaya

Saa kumi kasoro dakika tano alasiri, makofi ya wimbo wa mwisho hayajaisha, Mzee Bujiku, mtunzaji wa jumba la sanaa la Shinyanga mjini, alitoka chumba cha pili akipiga kelele. Bangili ya shaba ya mababu haikuwepo.

Watu walikuwa wamejaa pomoni, maana onyesho lile la kwaya ya wanafunzi halikuwa na kiingilio. Kila mmoja akamtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Chumba kile kina milango miwili. Mmoja alikuwa akiulinda Zuhra, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwingine uko nyuma ya nguzo, alikoketi Edson, mpiga kinanda.

"Edson hakuinuka," Bujiku alisema. "Kinanda sote tumekisikia mwanzo mwisho. Amebaki huyu binti."

Wakaumwaga mkoba wa Zuhra mbele ya umati. Zikatoka kalamu, kitana na kipande cha mkate. Hata hivyo mkuu wa shule alitamka palepale kwamba mwizi hana nafasi shuleni kwake. Watu wakatawanyika, wamepata la kusimulia; ukumbini wakabaki wachache tu, Bujiku na mkuu wa shule miongoni mwao.

Mwalimu Rhoda, aliyeifundisha kwaya ile, moyo ulikuwa ukimchemka. Lakini hasira hasara. Akalirudia onyesho kichwani, wimbo baada ya wimbo. Katika wimbo wa nne Nelly, mwimbaji kiongozi, alikohoa, akaurudia ubeti wa pili tangu mwanzo. Kinanda hakikumsubiri. Kilikwenda mbele, kwaya ikayumba, ikabidi Rhoda aishike kwa mikono mpaka ikakaa sawa. Wakati ule alikasirika tu. Sasa aliingiwa na shaka.

"Baba Justa," alimwita Edson, aliyekuwa akifunga begi la kinanda. "Nelly umemwonaje kwenye wimbo wa nne?"

"Ameimba vizuri mno, Mwalimu. Hakutetereka hata kidogo."

"Alikohoa, akarudia ubeti. Ukumbi mzima ulisikia."

Edson akaharakisha kuvuta zipu ya begi.

"Miaka minne unatupigia, na mwimbaji akikosea unamsubiri. Leo kinanda kimejipiga chenyewe. Uliurekodi wimbo kwenye kinanda hiki nyumbani, ukabonyeza kitufe, ukapita mlango ulio mgongoni mwako. Fungua begi."

Bangili ilikuwa imeviringishwa kitambaa, chini ya nyaya.

"Justa wangu anaumwa mwezi wa tatu huu," Edson alisema, machozi yakimlengalenga. "Mganga wa kijijini Samuye kasema mzimu wa babu unataka mtoto avae bangili yake. Baba mdogo aliileta hapa bila kutuuliza. Nimeiomba mara mbili, Mzee Bujiku ananijibu imeshaandikwa ni mali ya jumba."

"Mwanawane, kweli aliomba," Bujiku alikiri, macho chini.

Rhoda alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi. "Na Zuhra? Ulisimama hapahapa akipekuliwa."

"Nilidhani watamwachia tu."

Mkuu wa shule akakohoa kidogo, akamgeukia Zuhra. "Haya binti, yamekwisha. Umesafishika, kesho njoo darasani."

Zuhra alikuwa amechuchumaa, anaokota kalamu zake katikati ya viti vitupu.

"Nimesafishika mbele ya nani, Mwalimu?" aliuliza. "Walioniona wameshakwenda zao."