Pumzi Kwenye Soketi ya Saba

Soketi ya saba haikuwa na waya wowote, lakini ilikuwa inasoma nyuzi joto thelathini na saba.

Fundi alikikagua kisanduku cha vipimo, kinachopeleka joto la majokofu kwenye kompyuta, mbele na nyuma. Nyaya sita zilitoka kwenye majokofu ya damu ya hospitali na kuingia soketi sita za kwanza. Mbili za mwisho zilikuwa wazi. Hakushtuka. Soketi tupu huokota takataka za umeme, na kompyuta yenyewe ilikuwa imeshikwa na wazimu tangu asubuhi, majokofu hayasomeki.

"Ni draiva, dada," msimamizi wake alimwambia kwenye simu. Ilikuwa Jumamosi mchana, msimamizi yuko kwake, watoto wanapiga kelele nyuma yake. "Ya zamani na mpya zinakigombania kisanduku. Wake wenza wawili jiko moja, unategemea chakula kiive? Futa ya zamani, ukapumzike nyumbani."

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, na ile ya zamani iliandikwa na mume wa fundi huyu, aliyefanya kazi chumba hichohicho mpaka alipofariki miezi minane iliyopita. Huko nyumbani kwa kupumzika kulikuwa na sahani moja na redio. Upweke ulikuwa unamla mwanamke huyu, na hakuwa na wa kumwambia.

Alipoichagua draiva ya zamani ili aifute, mstari wa soketi ya saba ulishuka kwenye skrini, ukapanda, ukashuka tena, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Harufu ya nywele zilizoungua ikaja kutoka nyuma ya kiti.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Mstari ukapanda juu kabisa.

Alilia kwa furaha. Akamsimulia kuhusu bati lililokuwa linavuja, kuhusu mama mkwe na magoti yake, na kwamba mpaka leo analala upande wake uleule wa kitanda. Kila alipouliza kitu, mstari ulipanda. Tangu mazishi hakuna aliyemsikiliza hivyo.

Lakini fundi ni fundi. Kipimo usichokiamini unakijaribu kwa kitu unachokijua.

"Unamkumbuka mtoto wetu?"

Hawakuwahi kupata mtoto. Walisubiri miaka kumi na mmoja, wakakata tamaa.

Mstari ukapanda, bila hata kusita.

Mwili ukamsisimka kuanzia kisogoni, na ile harufu ikazidi kusogea mpaka akahisi joto la pumzi sikioni, na alitaka kugeuka lakini shingo ikakataa, kwa sababu alijua kwamba chochote kilichosimama pale nyuma kilikuwa kimemsikiliza saa nzima, kikijifunza nyumba yake, kitanda chake na kilio chake.

"Wewe si yeye," alisema. "Wewe ni jini."

Mstari ukapanda vilevile.

Akabonyeza kufuta. Kompyuta ikauliza: *Una uhakika?* Kidole kilikuwa tayari juu ya *Ndiyo* pale soketi ya nane ilipoanza kusoma. Nyuzi thelathini na saba. Mstari mdogo, wa haraka haraka, na chini ya meza kikasikika kisauti chembamba, cha kitu kinachotafuta ziwa la mama.

Alijua ni uongo. Alijua fika. Alikaa akiusikiliza mpaka machozi yakamkauka usoni.

Simu ikalia. "Vipi, dada, umefuta?"

"Nimefuta," akajibu, akabonyeza *Hapana*, kisha akaichagua draiva mpya na kuifuta hiyo.

"Safi! Sasa majokofu yanasoma—"

"Bosi, punguza sauti," alinong'ona, akiinama kuchungulia chini ya meza. "Ndiyo kwanza amelala."