Kimya Atafuta Kazi Inayomfaa

Mama alikuwa fundi wa cherehani. Alishonea barazani, na aliposhona alizungumza. Mjomba, ndugu yake mdogo, alikuwa kinyozi. Aliwanyoa watu upande wa pili wa baraza hiyohiyo, naye aliponyoa alizungumza. Wateja waliwapenda wote wawili. Wengine walikuja wakiwa wamekwisha kunyolewa, wakaketi tu ili wasikie habari.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Jina lake la cheti halikutumika nyumbani. Walimwita Kimya. Hakuwa bubu, wala hakuwa na kiburi. Alipoulizwa jambo, alilifikiria kwanza. Alipokuwa tayari kujibu, Mama na Mjomba walikuwa wamekwisha kujibu na kuhamia habari nyingine.

Asubuhi moja Kimya alikuwa nyuma ya cherehani akipanga vifungo katika makopo. Vifungo vyeusi vya matundu manne aliviweka huku, vyeusi vya matundu mawili akaviweka kule.

"Leo ni siku ya ngapi tangu uache ile kazi ya duka la simu?" Mama aliuliza.

Kimya alianza kuhesabu moyoni.

"Hakuacha, dada," Mjomba alidakia. "Aliachishwa. Tuseme kweli."

"Sikukuuliza wewe. Nyoa!"

"Si nanyoa? Mdomo haushiki wembe."

Mteja alicheka, Mjomba akamwambia asitikise kichwa.

Kazi ya duka la simu ilikuwa ya tatu. Kimya alitakiwa kusimama mlangoni na kuwavuta wapita njia. Aliwatazama, wakapita. Kabla ya hapo alikuwa ametangaza sabuni barabarani kwa kipaza sauti. Alidumu siku mbili. Kazi ya kwanza kabisa ilikuwa ya mapokezi katika nyumba ya wageni. Daftari lake lilikuwa safi, na hakuna ufunguo uliopotea. Hata hivyo, siku ya tisa mwenye nyumba alimwambia, "Binti, wewe ni mwaminifu, lakini wageni wangu wanadhani tumefiwa."

Kote huko aliambiwa neno moja: changamka. Kimya alijua kufagia, kuandika na kupiga pasi, kwa sababu alionyeshwa. Kuchangamka hakuonyeshwa na mtu. Mtu huanzia wapi? Huanza kwa macho, au kwa meno? Alijaribu mbele ya kioo mpaka mashavu yakamuuma, na bado msichana wa kwenye kioo alionekana kama mtu anayeumwa jino. Je, huu ulikuwa ugonjwa? Kama ni ugonjwa, mbona hakuwa na homa? Na kama si ugonjwa, kwa nini kila mtu alitaka kumponya?

Mama alisimamisha cherehani.

"Nimezungumza na shangazi yako," alisema. "Mwisho wa mwezi, kama hujapata kazi, utakwenda kukaa naye. Utamsaidia kuuza nguo mnadani. Utanadi asubuhi mpaka jioni. Huko mdomo utafunguka wenyewe."

Kimya alizihesabu siku. Zilibaki siku kumi na nane.

"Umekubali?" Mama aliuliza.

"Nani anayekataa kazi siku hizi?" Mjomba alijibu.

Kesho yake palitokea nafasi katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu. Mjomba alitoa barua ya maombi aliyokuwa ameitunga mwenyewe tangu kazi ya kwanza. Barua ilikuwa ileile kila mara. Kilichobadilishwa kilikuwa anwani tu. Mama alivaa gauni lake jipya, akafunga mlango.

"Twende."

"Na wewe pia, mama?" Kimya aliuliza.

"Nikuache uende ukamtazame tu meneja wa watu?"

Meneja alikuwa mtu mtaratibu. Alimwelekea Kimya na kumwuliza, "Unaweza kufika kazini mapema?"

"Jogoo wetu huamshwa na yeye," alijibu Mama.

"Umewahi kufanya kazi ya mikono?"

"Mikono yake ni dhahabu, baba. Mimi ndiye niliyeifundisha."

"Unapenda kazi ya namna gani?"

"Yoyote! Yeye hachagui."

Meneja aliweka kalamu chini. "Mama, samahani. Anayeomba kazi ni nani?"

"Ni huyu. Mimi namsaidia kusema."

Meneja aliichukua barua, akasoma kwa sauti: "'Mimi ni mcheshi, mchangamfu na mzungumzaji hodari.' Binti, haya yameandikwa juu yako?"

Kimya alimtazama Mama. Mama akatazama dari. Meneja aliikunja barua, akawaaga kwa adabu.

Njiani Mama alifoka. "Maneno yote mazuri niliyokusemea! Ungeongeza hata moja!"

Kimya alitembea akijiuliza. Je, aliharibu yeye kwa kunyamaza, au aliharibu Mama kwa kusema? Kila alipojaribu kuishika mantiki ya jambo hilo, ilimponyoka.

Jioni ile jirani yao alikuja barazani. Alikuwa mtumishi wa hospitali, na mtaani walimwita Mama Mapacha. Alikuja kuchukua sare yake ya kazi. Mama alikuwa ameimaliza na kuikunja.

"Mama," Kimya alisema taratibu, "mkono wa kushoto umezidi."

"Umezidi wapi? Mimi nimeshona miaka ishirini!"

Kimya aliikunjua sare, akaulaza mkono juu ya mkono. Wa kushoto ulizidi kwa upana wa kidole kimoja. Mama alinuna, akachukua mkasi wa kufumulia. Mama Mapacha hakuitazama sare tena. Alimtazama Kimya.

"Uliona vipi, mwanangu? Ilikuwa imekunjwa."

"Niliona ilipokuwa ikishonwa."

"Na kazi umepata?"

"Usiitaje kazi katika nyumba hii," Mjomba alisema. "Tumezifukuza zote. Au zimetufukuza zenyewe."

Mama alieleza yote: nyumba ya wageni, sabuni, simu, kiwanda. Alieleza pia habari ya shangazi na mnada. Mama Mapacha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Katika kazi hizo tatu, ipi haikuhitaji kuwachangamkia watu usiowajua?"

Mama alihesabu kwa vidole. Hakukuwa na hata moja.

"Basi tatizo si uvivu wake," alisema. "Mnampeleka dirishani mtu anayefaa chumba cha ndani. Kisha mnashangaa."

"Sasa nifanyeje?" Kimya aliuliza. "Nibadilike?"

"Hapana. Ubadilishe namna ya kutafuta. Kwanza, hiyo barua ya mjomba wako itupwe."

"Barua yangu ina Kiswahili fasaha!" Mjomba alipinga.

"Ni fasaha, lakini inamsifu mtu mwingine. Aliyesoma barua hiyo alimpa kazi ya kuzungumza, kwa kuwa ndiyo aliyoiomba. Mwanangu, andika unayoyaweza kweli. Pili, usiulize jina la kazi tu. Uliza mtu wa kazi hiyo hufanya nini tangu anapoingia mpaka anapotoka. Hesabu saa anazokaa na watu na saa anazokaa na vitu. Tatu, kama ulimi wako ni mzito, omba siku chache za majaribio. Waache watazame mikono."

"Na nikisema kwamba siongei sana, hawatanifukuza?"

"Nani amekutuma ukataje usichokiweza? Taja unachokiweza. Tena uende peke yako." Mama Mapacha alimgeukia Mama. "Umesikia, jirani?"

"Nina masikio," alisema Mama.

Kisha Mama Mapacha alieleza kwamba hospitali ilikuwa imebandika tangazo getini. Walitaka msaidizi wa chumba cha kutakasia vifaa vya upasuaji. Atakayepatikana angefundishwa.

"Hospitali?" Mama alishtuka. "Wagonjwa si wanataka mtu wa kuwachangamsha?"

"Chumba chetu hakina mgonjwa. Kina mikasi. Lakini sikilizeni: mimi siajiri mtu, na siwezi kumpitisha mlango wa nyuma. Hata ningeweza, nisingetaka."

Kimya aliandika barua mpya usiku huohuo kabla ya kula. Ilikuwa na sentensi nne. *Mimi ni mwangalifu. Naweza kurudia kazi ileile bila kupunguza uangalifu. Nafuata maelekezo yaliyoandikwa. Naomba kujaribiwa.*

"Imekuwa fupi mno," Mjomba alisema kwa huzuni. "Haina hata 'ninayo heshima kubwa'."

Msimamizi wa chumba kile alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani minene. Alimwuliza Kimya kwa nini aliitaka kazi hiyo. Kimya alinyamaza. Maswali ya zamani yalirudi yote kwa pamoja.

"Mbona hujibu?"

"Natafuta jibu la kweli, bwana."

Msimamizi alingoja.

"Napenda kitu kikamilike," Kimya alisema hatimaye. "Naomba uniambie, mtu wa kazi hii hufanya nini tangu asubuhi?"

Msimamizi alishangaa kidogo, akaeleza. Vifaa huoshwa kwa brashi. Hukaguliwa chini ya taa. Hupangwa kwenye sinia kwa kufuata orodha, hufungwa kwa vitambaa viwili, kisha huingizwa katika mashine ya mvuke. Kimya alipiga hesabu. Katika saa nane, labda nusu saa ilikuwa ya mazungumzo. Alipewa siku tano za majaribio.

Siku ya kwanza alifundishwa jambo lisilosahaulika. Kila furushi hufungwa kwa utepe wenye mistari hafifu. Furushi likipita katika mvuke mkali, mistari hugeuka kuwa myeusi. Mistari ikibaki hafifu, furushi hilo halijapita, na haliruhusiwi kumfikia mgonjwa.

Kimya alifanya kazi. Alifungua na kufunga kila mkasi, akatazama maungio yake. Hakuna aliyemwambia achangamke. Hakuna aliyemwambia lolote, na jambo hilo lilianza kumtatiza. Nyumbani Mama alimwuliza, "Wanasemaje?"

"Hawasemi kitu."

"Wamefurahi au wamechukia?"

"Sijui, mama."

Ni kweli hakujua. Kazi tatu za kwanza zilimkemea. Hii haikumkemea wala haikumsifu. Je, kunyamaza kwao kulikuwa kuzuri au kubaya? Kwa mara ya kwanza alielewa jinsi watu walivyotaabika kumwelewa yeye.

Siku ya tano chumba cha upasuaji kiliomba vifaa kwa haraka. Msimamizi mwenyewe alipakia mafurushi kwenye toroli. Alikuwa akiita namba, na Mama Mapacha akiziandika. Kimya alikuwa amesimama kando ya mlango. Furushi la tatu lilipopita mbele yake, aliona utepe wake. Mistari ilikuwa hafifu.

Alisita. Pengine ni mwanga. Pengine kuna utepe wa aina nyingine ambao hakufundishwa. Aliyepakia ni msimamizi, na yeye ni mtu wa majaribio, wa siku ya tano. Alisubiri mtu mwingine aseme, kama alivyozoea. Toroli lilifika mlangoni. Hakuna aliyesema.

"Lisimamisheni!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mama Mapacha aliangusha kalamu.

"Nini?" Msimamizi aliuliza kwa ukali.

"Furushi la tatu. Mistari yake haijageuka."

Msimamizi alilitoa, akalipeleka dirishani. Alivua miwani, akaivaa tena. Kisha akaitazama rafu ya chini, mahali pa mafurushi yanayosubiri kuingia katika mashine.

"Nimelitoa huku mimi mwenyewe," alisema polepole. "Yashusheni yote. Tukague moja baada ya moja."

Walikagua. Mengine yalikuwa salama. Furushi lile liliwekwa kando, likaletwa jingine, na toroli likaondoka. Msimamizi alimgeukia Kimya.

"Uliliona lini?"

"Lilipopita mbele yangu."

"Na ulisema lilipofika mlangoni. Katikati ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikifikiri, bwana."

"Sikiliza vizuri. Mambo mengine yote, fikiri utakavyo. Sitakuharakisha. Lakini ukiona hatari, sema kwanza, ufikiri baadaye. Hata kama mkosaji ni mimi. Ukikosea, tutapoteza dakika mbili. Ukinyamaza, tutampoteza mtu."

"Nimeelewa."

Msimamizi aliandika jina kamili la Kimya katika orodha ya zamu za kuanzia Jumatatu, kwa wino. Alianza kwenda, kisha akageuka. "Una swali?"

Kimya alikuwa nalo moja. "Siku zilizopita, hamkuniambia kama nafanya vizuri."

Msimamizi alishangaa kweli. "Ungefanya vibaya, ningekuambia."

Kimya alilichukua jibu hilo mpaka nyumbani akiligeuzageuza. Halikuwa limenyooka sana, lakini aliliona linatosha.

Mama aliposikia habari alipiga kigelegele mpaka mteja wa Mjomba akaruka kitini. Kisha akakumbuka jambo.

"Shangazi yako ananitarajia nikulete! Amekwisha kukuandalia kitanda. Ngoja nimpigie nimweleze."

"Nitampigia mimi, mama," Kimya alisema, akanyoosha mkono. Mama alimpa simu.

"Shikamoo, shangazi. Sitakuja. Nimepata kazi hospitalini."

Shangazi alisema mengi. Alisema kwamba hospitali haina mwisho mwema kwa msichana. Alisema kwamba mnada ungemfungua macho, na kwamba watoto wa siku hizi hawashauriki. Alisema pia kwamba kitanda kimenunuliwa godoro jipya. Kimya alimwacha aseme yote. Hakumkatiza, wala hakutikisika. Shangazi alipokwisha kuvuta pumzi, alisikia sauti ileile ya upole.

"Ahsante sana, shangazi. Lakini sitakuja. Jumatatu naingia kazini saa moja asubuhi."