Fungu la Doto

Kikombe cha pili kilikuwa kitupu. Kurwa alikiinua, akakigeuza, akakinusa. Asubuhi ile alikuwa amemimina chai vikombe viwili kama ilivyokuwa desturi yake, kimoja chake na kimoja cha Doto, na tangu afungue kibanda hakuna mtu aliyeingia. Chake kilikuwa bado kinafuka mvuke. Cha Doto kilikuwa kimekwisha mpaka machicha.

Nzi, akajisemea. Nzi gani wa Karatu katika baridi ile ya Julai, tena mwenye kiu ya kumaliza kikombe kizima, hilo hakutaka kujiuliza.

Mtu aliyezaliwa peke yake atamcheka. Lakini Kurwa na Doto walizaliwa pamoja, na mama yao, Bi Hasna, muuza vitenge wa sokoni, aliwalea kwa sheria moja tu: kila kitu nusu kwa nusu. Andazi likiwa moja lilikatwa kwa kisu. Mmoja akichelewa kurudi, fungu lake lilifunikwa likamsubiri, maana walioelewa mambo ya mapacha walimwonya kwamba ukimnyima mmoja, mwenzake ndiye atakayeugua. Wakakua hivyo, mmoja akawa dereva wa watalii, mwingine akafungua kibanda cha gemu. Kisha masika yaliyopita gari la Doto liliteleza ukingoni mwa kreta, ndani ya ukungu, likaenda naye bondeni. Walimzika Doto. Fungu lake hawakulizika. Kila jioni Bi Hasna alipakua sahani mbili za wanawe, akala kidogo yeye, akaitazama ile ya pili ikipoa, na asubuhi akawamwagia kuku.

Kibandani gemu iliyopendwa ilikuwa ile ya wanne kwa mmoja. Wanne wanakimbia msituni wakitafuta funguo za lango la kutokea, na mmoja anawawinda. Huyo vijana walimwita Mbaya. Mbaya alikaa kivyake kwenye kona, nyuma ya pazia la kitenge, ili wenzake wasione runinga yake, amevaa vipokea sauti masikioni. Kilikuwa kiti cha Doto siku zake za mapumziko. Doto alikuwa Mbaya hasa, aliwamaliza watatu wakipiga kelele kama wanachinjwa kweli, lakini wa mwisho alimwachia kila mara. Aliweka pedi ya kuchezea chini, akapiga makofi: "Nenda mwanangu, kawasalimie nyumbani!" Kibanda kizima kilicheka.

Sasa kiti kilikuwa cha Kurwa, na Kurwa hakukiweza kabisa.

"Oya, wewe Mbaya gani?" Fabian alipaza sauti kutoka upande wa pili wa pazia. Fabian alikuwa fundi pikipiki, rafiki yao tangu shule ya msingi. "Unakimbia huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia! Tumeshatoka langoni, bado unatafuta nyuma ya miti!"

Wakamcheka, naye akacheka ili asilie. Nyuma ya pazia lile palikuwa na upweke wa ajabu: unawasikia wenzako wakiitana, wakisaidiana, na wewe huna wa kumwita.

"Usimfuate anayekukimbia mbele ya macho yako."

Sauti ilikuwa ndogo, ndani ya vipokea sauti. Kurwa akaganda.

"Huyo anataka umfuate," sauti ikaendelea. "Geuka. Watafute walionyamaza."

Aligeuka. Nyuma ya gogo kwenye runinga walikuwa wamejibanza wawili. Upande wa pili wa pazia Fabian akapiga ukelele. Na puani mwa Kurwa ikaingia harufu ya koti lililolowa, koti zito lililokaa siku nyingi kwenye ukungu na majani yaliyooza.

Hakuogopa. Hilo ndilo la kusikitisha. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, maana tangu masika hakuna aliyekuwa amekaa upande wake.

"Doto?" akanong'ona. "Kunywa chai yako basi, kaka."

Tangu hapo alifunzwa. "Ramani nzima si yako," sauti ilimwambia. "Chagua kipande kidogo, ukilinde hicho hicho. Anayezunguka kote hashiki yeyote." Kurwa akafanya hivyo, akashinda. Na bila kujijua akaacha kwenda uwanjani Jumapili, akaacha kukaa barazani kwa Ustadhi Haruna, akawa mtu wa kibanda na nyumbani basi. "Ukimjeruhi mmoja, usimmalize. Mwache alie. Mwenye huruma atarudi kumwokoa, na huyo ndiye unayemtaka." Akafanya hivyo pia, akashinda zaidi. Ushindi ule haukuwa na raha. Vijana walikuja kucheza, hawakuja kunyanyaswa, na mmoja mmoja wakahamia kibanda cha barabara ya lami.

Akabaki Fabian. Alikuja jioni akitoka kazini, na mahindi ya kuchoma ndani ya gazeti, akakaa hata asiposhika pedi.

"Kaka, humu ndani pananuka," alisema siku moja, akishusha sauti. "Na unaongea peke yako. Nimekusikia. Twende kwetu Rhotia ukakae siku mbili tatu, mama yangu kauliza habari zako."

"Siongei peke yangu," Kurwa alijibu.

Fabian akatazama pazia. Akatazama vile vikombe viwili. "Nitarudi kesho," akasema polepole. "Na kesho kutwa. Sikuachi hapa."

Jua lilikuwa linazama, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani ukaziba mtaa mzima. Fabian alitoka. Kurwa alivaa vipokea sauti ili asisikie jinsi kibanda kilivyokuwa kimya, na ndani yake akasikia hatua za mtu akitembea juu ya kokoto, hatua alizozijua, za viatu vizito vya fundi, na nyuma ya hatua hizo akaisikia sauti yake mwenyewe, ya Kurwa, iliyojaa kilio, ikiita, "Fabian! Fabian ndugu yangu, ngoja, nisaidie!" ilhali mdomo wake ulikuwa umefumbwa na meno yameuma ulimi, na hatua zikasimama, zikageuka, zikaanza kukimbia kuifuata sauti ile iliyokuwa inasogea, inasogea, ikitoka kwenye njia na kuelekea kule ambako mvua za masika zilikuwa zimechimba korongo, mpaka kokoto zikaporomoka na mtu akapiga yowe, halafu vipokea sauti vikabaki na pumzi moja tu, tulivu, ya aliyeridhika.

Walimtoa Fabian korongoni na mguu umevunjika. Hospitalini aliushika mkono wa Kurwa akamvuta karibu. "Kwa nini uliniita upande ule?" akanong'ona. "Nilikuja kukuokoa, kaka. Kwa nini uliniita kule?"

Kesho yake, mchana, alirudi kibandani, akakaa nyuma ya pazia. Hakuwasha runinga.

"Wamebaki wangapi?" sauti ikauliza. Safari hii haikutoka kwenye vipokea sauti. Ilitoka kwenye kigoda cha pembeni.

"Wameisha," Kurwa alisema. "Niko mimi na Mama tu."

"Basi sikiliza funzo la mwisho. Aliyebaki usimkimbize. Nenda kasimame langoni. Atakuja mwenyewe, kwa sababu hana pengine pa kwenda."

Doto hakummaliza wa mwisho hata siku moja. Doto aliweka pedi chini, akapiga makofi.

"Wewe si ndugu yangu," akasema.

Kigoda kikalia, kama mtu mzito amejisogeza, na Kurwa akatimka bila hata kufunga mlango.

Ustadhi Haruna aliuza magodoro, na siku ile alikuwa na mafua yaliyomfanya mkali kuliko kawaida. Alimsikiliza huku akipenga kamasi, akafunga duka, akaja na kitabu chake na chupa ya maji. Alisoma kwa sauti ya kukwaruza, akanyunyiza maji kila kona, kisha akakinyooshea kidole kile kikombe.

"Umemwekea mwenyewe," akasema. "Jini hakai bure mahali, anakaa kwa fungu. Ukimwekea, yupo. Ukiliondoa, anatoka kwenda kutafuta anakowekewa. Kivunje, useme kwa ulimi wako kwamba Doto hana fungu hapa."

"Siwezi, Ustadhi."

"Najua. Sema hivyo hivyo."

Kurwa alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kulisema lile lilikuwa kumzika pacha wake mara ya pili, tena kwa mikono yake. "Doto hana fungu hapa," akasema, akakibamiza sakafuni, akalia mpaka kifua kikamuuma. Pazia likafutuka kuelekea nje, mtu akapita asiyeonekana, na ile harufu ya koti bichi ikamfuata mpaka mlangoni, ikatoweka.

Ustadhi alimkamata bega. "Sasa nijibu kweli. Kuna mahali pengine mnapomwekea? Nyumbani je?"

Kurwa aliiona sahani ya pili. Akamwona mama yake akiifunika kwa ukingo wa kanga, kazi pekee aliyoifanya kwa moyo tangu masika, kazi iliyomtoa kitandani. Amnyang'anye na hiyo? Amwambie na yeye amzike tena?

"Hapana," akasema. "Hakuna."

Ustadhi akamtazama, akapenga kamasi, akaondoka.

Jioni Kurwa alitembea kwenda nyumbani akijisikia mwepesi na mpweke kupita kiasi. Taa ilikuwa inawaka. Akasimama mlangoni.

"Hodi, Mama."

"Karibu! Karibu mwanangu!" Sauti ilikuwa ya furaha, furaha ambayo hakuisikia tangu msiba. Bi Hasna akaja mbio, macho yanang'aa, akamshika mkono wa shati na kunong'ona kama anayeogopa kumwamsha mtu. "Njoo uone. Mwenzako amekula leo. Amekula chote!"

Mkekani, sahani ya pili ilikuwa nyeupe, imekombwa mpaka punje ya mwisho. Nyuma ya mlango, kwenye msumari uliokuwa mtupu tangu masika, lilining'inia koti zito, na maji yalikuwa yanadondoka sakafuni.

Aliyebaki usimkimbize. Nenda kasimame langoni.

Kurwa aligeuza shingo. Nyuma yake njia ilikuwa imejaa ukungu, na ilikuwa wazi, hakuna aliyeizuia. Angeweza kukimbia. Lakini mama yake alikuwa ndani, anamvuta mkono huku akicheka na kulia, na asingemwacha peke yake na kile kilichokuwa kimekula.

"Ingia basi, Kurwa, baridi inaingia," Bi Hasna alisema. "Tunakusubiri wewe tu."

Akavua viatu. Akaingia, akakaa pale pale alipokaa tangu utoto, upande wa kushoto wa mkeka, akajisogeza kidogo kama alivyofundishwa, kumwachia mwenzake nafasi.