Mishipa Aliyoiona Ifrah

Asubuhi hiyo Ifrah aliwafungulia kuku banda, akawamwagia mtama, kisha akamuaga mama yake. "Nabad gelyo, Hooyo!" Alikuwa na haraka. Daktari Barwaqo, mtafiti kutoka chuo kikuu, alikuwa anakuja shuleni kwao mjini Garissa kumchagua mwanafunzi mmoja wa kufanya kazi naye katika maabara wakati wa likizo.

Daktari Barwaqo alizaliwa Balambala, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa. Sasa alikuwa akichunguza seli zinazojenga mishipa ya damu katika ubongo unaokua.

"Watoto wengine huzaliwa kabla ya wakati," aliwaeleza wanafunzi. "Mishipa ya ubongo wao ni dhaifu, hupasuka kwa urahisi. Tukizielewa seli hizi, huenda siku moja tukawasaidia."

Mezani alikuwa amepanga mayai yenye vifaranga vilivyoanza tu kuumbika. Kila yai lilikuwa limekatwa dirisha dogo kwenye ganda. Kila mwanafunzi alipaswa kulitazama yai lake kwa hadubini na kuchora alichokiona.

Ifrah aliinama, akatabasamu. Kichwa cha kifaranga kilikuwa kidogo kama punje ya mchele, na mishipa myekundu ilitambaa juu yake kama mizizi. Lakini upande wa kushoto mishipa ilikuwa michache sana. Akachora hivyo hivyo.

Guled, aliyeketi karibu naye, akachungulia. "Wallahi umekosea! Tazama picha ile ya kifaranga ukutani. Pande zote ziko sawa. Ongeza mishipa, la sivyo hutachaguliwa."

Ifrah aliutazama mchoro wake. Aliitaka nafasi hiyo mno. Akashika penseli, akatazama tena ndani ya yai.

"Haipo, Guled. Nitachoraje nisichokiona?" Akaiweka penseli chini.

Daktari Barwaqo alipofika kwake aliuinamia mchoro. "Nani amekuambia uchore hivi?"

"Hakuna, Daktari. Ndivyo nilivyoona."

Daktari akatazama mwenyewe kwa hadubini, kisha akacheka kwa furaha. "Mashallah! Baadhi ya mayai haya niliyatia tone la dawa inayozuia mishipa kukua, upande mmoja tu. Sikumwambia mtu. Wenzako waliopata mayai hayo wamenichorea picha ya ukutani!"

Guled akainamisha kichwa. "Hata mimi, Daktari. Yai langu sikulitazama vizuri."

"Basi litazame sasa."

Guled akatazama, akaruka. "Lo! Kumbe na langu!" Darasa zima likacheka, naye akacheka pia. Ifrah alipotangazwa kuwa ndiye aliyechaguliwa, Guled ndiye aliyeshangilia kwa sauti kubwa zaidi.

Likizo ilipoanza, Daktari Barwaqo alimvika Ifrah koti jeupe lililomfika miguuni.

"Hapa utaona mengi yasiyofanana na vitabu," alimwambia. "Sema ulichokiona, hata ukiwa peke yako. Mtoto mgonjwa hawezi kutibiwa kwa picha nzuri ya uongo, binti yangu. Anahitaji ukweli."

"Sawa, Daktari," Ifrah akajibu. Akakunja mikono ya koti na kuinamia hadubini.