Ubao wa Macho Nyuma ya Mlango

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa viatu vya shule, Sindano alikuwa na kazi ambayo hakuna mtoto mwingine mtaani aliyekuwa nayo. Alikaa chini kando ya cherehani ya baba yake, akachukua sindano saba za mkono na kuzitia uzi mojamoja: nyeusi, nyeupe, kahawia, bluu, hadi ya saba. Kisha akazichomeka kwenye kimto cha pamba ili baba yake azitumie siku nzima. Ndiyo maana akaitwa Sindano. Jina lake la daftarini walibaki nalo walimu wa darasa la sita peke yao.

"Macho ya mtoto ni mapya," baba yake alizoea kusema. "Yangu yamechoka tu."

Kumbe hayakuwa yamechoka tu. Siku moja jirani alirudisha gauni lililoshonwa mkono mmoja ndani nje. Mtaa ule habari haikulala kwa mtu mmoja. Kabla ya jioni kila nyumba ilikuwa imeshacheka. Baada ya gauni ikaja suruali yenye mifuko isiyolingana, na baada ya suruali wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, wakijifanya wana haraka.

Baba, ambaye kila mtu alimwita Fundi, akatangaza nyumbani kwamba cherehani imepitwa na wakati. "Watu wananunua nguo za dukani siku hizi. Naenda kujifunza udereva. Shemeji ameniwekea nafasi ya gari la kusambaza mikate. Nikipata leseni tu, kazi ni yangu."

Mama, aliyefua mashuka hospitalini na kurudi na vidole vilivyokunjamana kwa maji, alifurahi mpaka akasahau kuvua kilemba. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila mteja hata mmoja kuvuka kizingiti. Nafasi ile ya mikate ndiyo iliyokuwa tegemeo la nyumba nzima.

Kwa kuwa mama alichelewa kurudi, Sindano alitoka shule moja kwa moja hadi chuo cha udereva, akamsubiri baba yake huko. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba viwili na kiwanja cha changarawe nyuma ya kituo cha mafuta. Darasani palikuwa na meza kubwa iliyochorwa mji mzima: barabara, mzunguko, kivuko cha miguu, na vigari vya kuchezea vya kujifunzia nani apite kwanza. Haikuchukua siku nyingi Sindano akazijua alama zote za barabarani kuliko baadhi ya watu wazima.

Mwalimu alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kujaza chumba, nao walimwita Mwalimu Breki. Gari la kufundishia lina breki mbili, ya pili ikiwa miguuni pa mwalimu, na mguu wake wa kulia haukupumzika.

"Mguu huu mnaouona," alisema siku ya kwanza akijipiga paja, "umeokoa mbuzi wawili, baiskeli moja, na ukuta wa jirani. Ukuta, mara nne."

Darasa likavunjika mbavu. Hata Fundi alicheka. Aliyecheka zaidi alikuwa mwanamke mmoja muuza duka, ambaye mwalimu alimbatiza Bi Harusi kwa sababu aliendesha polepole kana kwamba anasindikizwa kwa ngoma.

"Bi Harusi, ongeza mwendo kidogo, mama. Bwana atachoka kusubiri!"

"Asubiri," alijibu yeye. "Akichoka aje yeye aendeshe."

Wiki ya pili ikaja zamu ya kupima macho. Nyuma ya mlango wa karani kulikuwa na ubao mweupe wenye herufi, kubwa juu na ndogo chini. Mwanafunzi alisimama kwenye mstari mwekundu sakafuni, karani akaonyesha kwa rula, naye akasoma. Ubao ulikuwa ni huohuo mmoja tangu chuo kianze, na haukuwahi kubadilishwa.

Siku moja kabla ya kipimo, Fundi alimvuta binti yake pembeni.

"Mwanangu, karani akitoka, niandikie zile herufi. Mstari kwa mstari, kama zilivyo."

"Za nini, baba?"

"Za kujiandaa. Wewe si hujiandaa kabla ya mtihani?"

Sindano aliandika nyuma ya daftari la hisabati. Usiku alimkaririsha baba yake kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha. "E. R, K. T, O, Z." Fundi alikosea, akarudia, akakosea tena. Mama akawauliza kutoka jikoni wanaimba nini. "Masomo," Fundi akajibu. Sindano aliinamia daftari lake, akahisi masikio yanawaka moto.

Kesho yake Fundi alisimama kwenye mstari mwekundu, akasoma ubao wote hadi mstari wa chini kabisa, ule ambao wenzake waliukodolea macho na kuushindwa. Aliumaliza hata kabla rula ya karani haijafika.

"Fundi, una macho ya mwewe!" Bi Harusi akashangaa.

Karani akacheka, akagonga muhuri. Sindano hakucheka.

Barabarani mambo yalikuwa mengine. Mguu wa Mwalimu Breki ulifanya kazi kuliko siku zote, na akirudi kiwanjani jasho lilimchuruzika.

"Fundi, ndugu yangu, ule ukuta unauona au unaukisia?"

"Jua lilinipiga usoni, Mwalimu."

"Jua gani? Kuna mawingu tangu asubuhi."

Fundi akacheka, mwalimu naye akacheka, na neno likapita. Sindano alikuwa kwenye benchi. Aliligeuzageuza moyoni, akataka kusema, akakumbuka gari la mikate, akaacha.

Siku yenyewe ilikuwa ya manyunyu. Fundi alikuwa akijifunza kurudi nyuma katikati ya fito nyeupe zilizosimikwa kwenye makopo ya zege. Akaangusha ufito mmoja. Mwalimu Breki akafungua mlango.

"Gia huru, na usisogee. Kiganja kikiwa juu, bado. Nikikupungia, ndipo urudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Mwalimu akaenda nyuma, akausimamisha ufito, nao ukiwa bado unatikisika akanyoosha kiganja juu: bado. Kutoka kwenye benchi Sindano alikiona wazi, vidole vitano vilivyotulia. Manyunyu yalikuwa yakiteremka kwenye kioo cha gari. Kisha akasikia gia ikiingia.

"Baba, bado!"

Gari likarudi. Breki ya pili ilikuwepo mahali pake, lakini mguu wa kuikanyaga haukuwepo. Ulikuwa nyuma ya gari, kati ya bampa na kopo la zege. Ukelele wa mwalimu ulikuwa mfupi.

Fundi alishuka, akawa anarudia maneno yaleyale: "Nimeona kitu cheupe kinatikisika. Nimeona kinatikisika."

Mguu ulivunjika mahali pawili. Na kabla plasta haijakauka, maneno yalikuwa yamezagaa chuoni. Kwa nini alishuka garini? Mwalimu gani anamwacha mwanafunzi na gari peke yake? Wengine wakasema alipunga mkono kisha akajisahau. Mwenye chuo, mama wa makamo asiyependa kelele, aliposikia hivyo alisema kwamba Jumamosi wote wakutane. Ikithibitika mwalimu alipunga mkono, ataachishwa kazi.

Nyumbani Fundi hakuzungumza. Alikaa mbele ya cherehani iliyofunikwa, akipapasa kitambaa chake. Sindano akamkalia karibu.

"Baba, hakupunga. Kiganja kilikuwa juu."

"Najua sasa."

"Basi si useme hukuona?"

Fundi akaacha kukipapasa kitambaa. "Nikisema sikuona, wataniuliza ubao niliusoma vipi. Leseni hakuna, na gari la mikate hakuna. Na cherehani, unajua mwenyewe mwanangu, siwezi tena. Tutakula nini?"

Sindano akakivuta kimto cha pamba mapajani. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Ijumaa mama alimpeleka wodini kumjulia hali mgonjwa. Mwalimu Breki alilala mguu ukiwa umening'inizwa, na sauti yake ile ya kujaza chumba sasa haikukijaza hata kitanda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sindano. Umekuja kuona breki iliyokatika?" Alijaribu kutabasamu. "Mwambie baba yako asijitese. Nimekaa hapa nikifikiri. Kwenye kioo cha pembeni alikuwa ananitazama, macho kwa macho. Mtu anayekutazama hivyo hawezi kukugonga. Basi huenda nilipunga. Huenda mkono ulisogea bila mimi kujua. Miaka kumi na tisa ya kazi, na leo siuamini mkono wangu mwenyewe."

Njiani mama aliongea peke yake. Sindano alisikia kitu kimoja tu, tena na tena: siuamini mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi darasa lilijaa. Wanafunzi walisimama kuizunguka meza ile yenye mji, na vigari vilikuwa bado barabarani mahali alipoviacha mwalimu. Mwenye chuo alimtazama Fundi.

"Nakuuliza wewe, maana ndiye uliyekuwa kwenye usukani. Mwalimu alikupungia mkono?"

Fundi akavitazama vigari mezani. "Niliona... niliona mkono."

"Ukipunga?"

Karani alikuwa ameshika kalamu. Bi Harusi alikuwa ameshika kifua. Sindano alimwona baba yake akifumbua kinywa, na akajua kwamba neno moja likitoka hapo halitarudi. Miguu yake ikasogea kabla hajaiamuru. Akafungua begi, akatoa daftari la hisabati, akaliweka wazi katikati ya mji uliochorwa.

"Mwalimu hakupunga," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Kiganja kilikuwa juu, nilikiona. Baba hakukiona kwa sababu haoni vizuri. Herufi za ubao nilimwandikia mimi. Alizikariri."

Karani alichukua daftari, akalilinganisha na ubao nyuma ya mlango. Uso ukamshuka. Mama, aliyekuwa amesimama dirishani, alijishika mdomo. Sasa alijua wimbo ule ulikuwa wa nini.

"Fundi," mwenye chuo akasema polepole, "haya ni ya kweli?"

Fundi alimtazama binti yake. Sindano alingoja kupigwa, au kufukuzwa. Baba yake akaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Ni kweli. Msimlaumu mtoto, nilimtuma mimi. Mwaka wa pili huu naona moshi tupu. Mwalimu hana kosa la mkono."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka mmojammoja, wakimpisha Fundi kama wanavyompisha mfiwa. Jina lake lilifutwa palepale, na wiki hiyohiyo nafasi ya mikate akapewa mtu mwingine. Mwenye chuo naye hakujitoa lawamani. Alimwambia karani aushushe ule ubao mzee, na tangu siku ile kila mwanafunzi akatakiwa kupimwa macho hospitalini.

Wa kwanza kwenda hospitalini hakuwa mwanafunzi. Alikuwa Fundi, ameshikwa mkono na mkewe.

"Mtoto wa jicho," daktari alisema. "Ni ukungu ndani ya jicho, na unao kwenye macho yote mawili. Si uchovu. Unaondolewa kwa upasuaji. Ulikuwa wapi muda wote huu, mzee?"

"Nilikuwa najificha," Fundi akajibu.

Walimpasua jicho moja, na baada ya wiki kadhaa la pili. Ilikuwa miezi ya shida: mama alifua kwa zamu mbili, na chakula cha mchana kikapungua mpaka kikawa cha jioni. Lakini siku bandeji ya mwisho ilipotoka, Fundi alimtazama mkewe muda mrefu, akasema, "Kumbe umekonda hivi," akageukia ukutani.

Kazi yake ya kwanza aliyoshona kwa miwani mipya ilikuwa suruali yenye mguu wa kulia mpana, wenye vifungo ubavuni kutoka kiunoni hadi chini, ili ivalike juu ya vyuma vya mguu. Yeye na Sindano waliipeleka kwa Mwalimu Breki. Mwalimu hakufukuzwa, lakini mguu ule haukuweza tena kukanyaga breki. Sasa alifundisha kwenye meza yenye mji, fimbo ikiwa imeegemea kiti. Aliipapasa mishono ya suruali.

"Imelingana," akasema.

"Nisamehe, ndugu yangu," Fundi akasema.

"Nimekusamehe. Mguu ndio bado unafikiria." Kisha akamgeukia Sindano, na utani ukamtoka usoni. "Nawe nisikilize, binti yangu. Siku ile ulipoandika zile herufi ulidhani unamsaidia baba. Ulimsaidia kujificha, na kujificha kwake kumenigharimu mguu. Siku ulipofungua daftari ulidhani unamsaliti. Hapo ndipo ulipomsaidia, yeye na mimi pia. Mtu unayempenda akikutuma umfunikie ubovu, mkatalie kwa heshima, kisha mshike mkono umpeleke kwa daktari. Uoga wake usiubebe wewe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Kesho yake asubuhi Sindano alikaa chini kando ya cherehani kama kawaida, akanyoosha mkono kwenye kimto cha pamba. Sindano zote saba zilikuwa zimeshatiwa uzi. Juu yake, baba yake alikuwa ameinamia mshono, miwani puani.

Sindano alikaa pale kidogo, mikono mitupu mapajani, hajui aifanyie nini. Kisha akasimama, akaenda kuvaa viatu vya shule.