Mate ya Susu Syombua

Syombua hakuwa mtu wa kukaa bure. Jua likichomoza huko Masii, yeye ameshalisha kuku, amefagia uwanja na kumkaripia mtu mmoja au wawili. Siku za soko aliuza mbaazi. Watoto waliopita walimwita susu, yaani bibi, wakamnyooshea mkono ili awatemee mate kidogo kiganjani. Ndivyo wazee wa Ukambani wanavyombariki mtu, na Syombua hakuwa mchoyo wa mate.

Mjukuu wake Mumbua ndiye aliyemnyima usingizi. Msichana huyo alichoka kwa kutembea tu kutoka jikoni hadi langoni. Fizi zilimtoka damu. Daktari wa Nairobi alisema uboho wake umeacha kutengeneza damu.

"Ubongo?" Syombua alishtuka. "Huyu mtoto ako na akili kunishinda!"

"Si ubongo, mwaitu. Uboho," alisema Kalekye, mama yake Mumbua. Alimwita mama mkwe wake mwaitu, yaani mama, kwa heshima. "Yale mafuta ya ndani ya mfupa. Yale unafyonza ukikunywa supu."

Hapo Syombua alielewa. Dawa ilikuwa kumwekea Mumbua uboho wa ndugu yake. Kaka yake Muli, mshonaji katika kiwanda cha nguo Athi River, alipimwa, na uboho wake ukalingana na wa dada yake. Hospitali moja ya India ikakubali kuwapokea mwezi wa Agosti mwaka huo wa 2009.

Kisha simu ikaja. Tarehe imesogezwa mbele. Kuna homa mpya imeenea duniani, inaitwa homa ya nguruwe.

"Nguruwe?" Syombua alifoka. "Sisi tunafuga mbuzi na kuku. Hiyo homa iwafuate wenye nguruwe!"

Jioni hiyo alikuja jirani yao, Sista Linet, muuguzi wa zahanati. Alikaa kwenye kigoda akaeleza polepole.

"Mwaitu, hilo jina linadanganya watu. Hii homa inatoka kwa mtu inaenda kwa mtu. Mgonjwa akikohoa, matone yanaruka. Akishika pua halafu akusalimie kwa mkono, nawe ujishike uso, umeipata."

"Na hao wa India wanachelewesha mtoto kwa nini?"

"Wagonjwa wa homa wamejaza vitanda vya mahututi. Watu wa kutoa damu wamepungua, na Mumbua atahitaji damu nyingi. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Kabla ya kumwekea uboho wa Muli, watampa dawa kali ya kumaliza ule wake mbovu. Mwili wake utabaki kama nyumba bila mlango. Homa unayoishinda kwa uji na blanketi, yeye inaweza kumuua."

"Na Muli?"

"Muli akiugua, hawezi kutoa uboho. Kila kitu kinasimama."

Tarehe mpya ikapatikana, Oktoba. Hospitali ilionya kwamba watakaofika na homa hawatapokelewa wodini. Muli aliomba likizo mapema, akakaa nyumbani mbali na msongamano. Kalekye alining'iniza mtungi wa maji mlangoni na kipande cha sabuni pembeni. Maombi ya kuwaaga yakafanyika kanisani, wao wenyewe wakiwa nyumbani. Syombua alikubali yote, akabakiza neno moja.

"Msafiri haendi bila mate," alisema. "Hilo msiniguse."

Wiki ya safari, alikwenda matanga pamoja na jirani yake Urbanus. Alirudi na kikohozi. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba, na tangu arudi hakuwa amefika kwa Kalekye. Alikohoa peke yake, akajiambia ni vumbi. Alijua Linet angemkataza kumbariki mtoto. Aliogopa sana. Mtoto akifia ugenini bila baraka yake, angejisamehe vipi?

Asubuhi ya safari gari lilisubiri uwanjani kwa Kalekye. Syombua alifika akiwa wa mwisho. Mumbua alimwendea, kiganja wazi. Bibi alikusanya mate mdomoni. Kikohozi kikamshika ghafla, akageuka na kujifunika kwa leso.

"Mwaitu, hicho kimeanza lini?" Linet aliuliza.

Syombua alijipangusa mdomo.

"Uko na joto?"

Kila mtu alimtazama. Angeweza kusema hapana. Alikiangalia kile kiganja chembamba, kilichopauka kwa kukosa damu. Kwa kawaida anayemeza mate ni mtu mwenye tamaa ya chakula. Siku hiyo Syombua alimeza mate yake kwa uchungu, akarudi nyuma hadi kwenye ghala.

"Ndiyo, niko na joto," alisema. "Tangu jana. Usinifuate, mtoto wangu."

Mumbua alianza kulia. "Susu, hutanibariki?"

"Nitakubariki nikiwa hapa. Wakya?"

"Aa," Mumbua aliitikia salamu hiyo ya mzee kwa mtoto.

"Uende salama. Uboho wa kaka yako ukae ndani yako kama uko kwao. Urudi unisumbue."

"Amina," wakasema wote. Gari likaondoka. Syombua alijiona mkosaji, akalia hadi leso ikalowa.

Usiku huo homa ilimwangusha. Urbanus naye alilazwa hospitalini, na vipimo vyake vikaonyesha ni ile homa mpya. Linet alimletea Syombua habari hiyo akiwa amefunika mdomo na pua, akasimama mlangoni.

Syombua aliutazama mkono wake. "Kumbe ningempakia mtoto kifo kiganjani," alisema, "na mimi nikiita baraka."

Huko India, Mumbua na Muli walipimwa wakaonekana wazima. Uboho ukatolewa, ukapandikizwa. Mumbua alikaa wiki nyingi katika chumba cha peke yake. Polepole damu yake ikaanza kupanda.

Syombua alipona. Sokoni, watoto walipomnyooshea mkono aliwaambia, "Rudisha mkono wako. Maneno yanatosha, mate yangu nimestaafisha." Kisha akawauliza kama wamenawa, na aliyesita alikaripiwa vizuri.

Mumbua alirudi mwaka uliofuata, mbaazi zikiwa zimekomaa. Daktari alikuwa amemwambia aepuke umati kwa muda, kwa hiyo alikaa shambani na bibi yake. Siku moja mbuzi aliingia kwenye mbaazi. Mumbua alitupa kikapu akamfukuza, akapita mstari wa kwanza, wa pili, akateremka mteremko wote hadi mtoni. Kalekye alitoka jikoni akipiga kelele kwamba mtoto atachoka.

"Muache," Syombua alisema. "Muache akimbie."